Komeo la Stoo ya Makaa

Jumatatu, 9 Januari

Siku ya kufua. Tangu Ijumaa tunaishi kama enzi za Malkia Victoria, na tayari mikono yangu si yangu. Maji yanachemka kwenye pipa la shaba, nguo zinakorogwa kwa gongo, zinasuguliwa, kisha zinapitishwa katikati ya magogo mawili ya mashine ya kukamulia. Mashine ile haina huruma. Kifungo cha shati kimepasuka kama risasi!

Tulipiga kura nani awe nani. Dada yangu Rowena ni mama mwenye nyumba. Shemeji Clive ni bwana. Tamsin ni binti yao, kama alivyo. Mtumishi ni mimi! Tulicheka hadi machozi. Clive amesoma mahali kwamba mabwana wa zamani hawakujisumbua na majina ya watumishi, kila aliyekuja aliitwa Mary.

"Basi wewe ni Mary," akasema. "Hazel tumemwacha nje pamoja na simu."

Simu zetu zinatunzwa na chama cha historia chenye nyumba hii ya maonyesho. Tutazipata Machi tukitoka.

Jikoni Rowena ameninong'oneza nimwache Clive afurahie. Tangu apunguzwe kazini hajakaa mezani amenyoosha mgongo namna hii.

Alhamisi, 12 Januari

Tumeletewa bata hai, kama ilivyokuwa zamani. Clive aliamua achinjwe na familia. Akamwita Tamsin ashike miguu.

"Baba, mimi hata nyama sili."

"Humu ndani kila mtu anakula nyama. Shika."

Clive hakuweza kumvunja bata shingo. Akajaribu tena. Bata alikuwa bado anapiga mabawa — kisu, halafu damu mpaka kwenye madirisha. Tamsin alitapika uani. Clive alicheka, akajifuta usoni kwa aproni yangu nikiwa nimeivaa.

Nimesugua damu kwa chumvi na maji baridi. Jioni alikula paja zima.

Jumamosi, 21 Januari

Jumamosi nyumba hufunguliwa kwa wageni. Wanasimama nyuma ya kamba mlangoni mwa chumba cha kulia, wanatutazama tukila.

Tamsin aliacha mafuta ya nyama pembeni mwa sahani. Clive akamwambia ale. Akakataa. Kuna henzirani, ile fimbo ya kuchapia watoto, imetundikwa ukutani tangu tulipofika, kama pambo tu. Clive akaishusha. Nilidhani atapiga meza.

Alipiga kiganja cha Tamsin. Akapiga tena palepale. Ngozi ikapasuka.

Na wageni wakapiga makofi!

"Ndivyo tulivyolelewa sisi," mzee mmoja akasema, "na hatukufa." Mama mwenye koti jekundu akamwambia mwenzake kwamba msichana anajua kuigiza, ona machozi yale, ya kweli kabisa.

Clive akawainamia. Kama mwigizaji jukwaani. Akawainamia!

Baadaye nilimwambia Rowena tuondoke. Alikuwa anampaka Tamsin siagi kiganjani. Akasema tukitoka sasa Clive atarudi kuwa yule wa kwenye sofa, asiyeoga, asiyesema na mtu. Nikamuuliza kati ya yule na huyu anamwogopa yupi zaidi.

Akachota siagi nyingine.

Jumatatu, 30 Januari

Sijui nianzie wapi. Nianze na mashuka.

Rowena alikuwa anaingiza shuka kwenye mashine, mimi nazungusha mpini wa mashine. Clive akaingia, akasema tunafua kama vikongwe, akanisukuma na kushika mwenyewe. Alizungusha haraka mno. Rowena akapiga kelele, "Ngoja! Vidole! Vidole vyangu, Clive!"

Hakusimama mara moja. Aliendelea kidogo. Kidogo tu. Lakini nilikuwa namtazama usoni, na alikuwa amesikia.

Kucha zimekuwa nyeusi. Kidole kimoja kimepinda. "Mke wangu, hukuwa makini," akasema, akapanda juu. Wakati wa chakula kengele yake ikalia jikoni. Alitaka haradali.

Jumatano, 1 Februari

Rowena hawezi kufunga vifungo. Namfungia mimi. Shingoni ana alama ambazo si za mashine.

Nimekuta henzirani imepakwa mafuta. Inang'aa.

Jumamosi, 4 Februari

Leo Tamsin aliwakimbilia wageni, akaishika ile kamba. "Nisaidieni, tafadhali. Si mchezo huu!"

Wakacheka. "Vumilia, binti," mwanamume mmoja akamjibu, "Malkia yuko njiani!"

Clive akambeba begani kama gunia hadi jikoni, akamtupa stoo ya makaa ya mawe, kule chini, akasukuma komeo. Nilimrukia mgongoni. Alinipiga kiwiko cha pua, nikaanguka kwenye ndoo. Wageni walikuwa wametufuata. Walirekodi mlango! Tamsin anapiga, analia, anamwita mama yake — na mgeni mmoja ametega sikio, anamweleza mumewe kwamba sauti ile ni ya spika.

Nikasema kwa nguvu, damu inanitoka, kwamba yule ni mtoto kweli. Wakanipigia makofi na mimi.

Clive alimtoa jua linazama. Mweusi mwili mzima, kucha zimevunjika, amejikojolea. Rowena alimwogesha kwa vile vidole vyake. Hakulia. Alipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Lile komeo linabana?"

"Linabana."

"Vizuri," akasema, akaenda kumwaga maji.

Jumatatu, 6 Februari

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo wangu kwenye mlango wa stoo. Clive yuko nyuma ya mlango. Kila akipiga teke daftari linaruka.

Nipange mambo yalivyokwenda.

Asubuhi moto wa pipa la kufulia ulipungua. Clive akaniambia, "Mary, makaa." Nikamwambia, "Kayachukue mwenyewe, shemeji." Tangu tuje hapa sijamwita shemeji. Alinyakua koleo la makaa, akanipiga nalo begani, bapa. Nilisikia mfupa ukilia. Akamwambia Tamsin asogee karibu na mashine ya kukamulia, akirudi ataanza na yeye. Halafu akachukua ndoo akashuka mwenyewe.

Rowena alikuwa anakunja foronya. Akaiweka chini. Akavuka jikoni bila haraka, akasukuma komeo la stoo.

Mwanzoni Clive alitukana. Halafu akaamuru. Halafu akaanza ile sauti ya zamani, ya kabla ya hapa: "Rowena, mpenzi, mchezo umekwisha. Fungua twende nyumbani." Sasa ananiita mimi. Ananiita Hazel! "Hazel, wewe una akili, mwambie dada yako."

Tamsin nimempa viatu vyangu, nimemwambia akimbie hadi barabarani, agonge mlango wa kwanza. Ametoka na gauni lile refu na kofia ya kufungia kidevuni. Mtaa mzima unajua sisi ni maonyesho. Sijui nani atamwamini.

Na Rowena yuko mbele yangu. Ameshika sufuria la maji yanayochemka, amelikumbatia kwa matambara kwa sababu vidole havikunji.

"Ondoka hapo, Hazel."

"Siondoki."

"Nataka kufungua tu."

"Weka sufuria chini kwanza."

Haweki. Nyuma yangu Clive amesikia habari ya sufuria. Mateke yamekoma. Nasikia pumzi yake kwenye upenyo wa mlango, karibu na sikio langu. "Usimfungulie," ananinong'oneza. "Hazel, tafadhali, usimfungulie." Halafu akikumbuka giza anapiga tena mlango.

Naandika ili mkono wangu mzima uwe na kazi, usiguse komeo. Ule mwingine hauinuki.

Tamsin bado. Barabarani kimya.

Maji yakipoa Rowena harudi nyuma, ila anakwenda kuyachemsha upya. Makaa yote yako kule kwa Clive, kwa hiyo anachochea kwa anachokipata. Ameanza na henzirani, imewaka vizuri kwa yale mafuta. Kisha vibanio vya nguo. Sasa anavunja kiti cha bwana, kile cha mezani, anakikanyaga mguu mmoja mmoja, na bado kuna viti vingine.