Nduru Kifuani mwa Kalekye

Jumatatu, 9 Juni

Nimekanda unga kabla ya jua. Baridi ya Juni inauma hadi kwenye meno. Chapati zimeisha mapema. Watu wa Mashimoni leo wameamka na njaa na midomo. Kalekye amenipigia simu kutoka Kawangware, anakohoa badala ya kuongea. Nimemwambia afunge saluni aje kwangu. Amekataa. Huyu mdogo wangu ana kichwa kigumu tangu tumboni mwa Mama.

Jumatano, 11 Juni

Nimemfuata mwenyewe. Nimemkuta ameketi kitandani, hawezi kulala chali, midomo imegeuka rangi. Homa hakuna ya maana. Hilo ndilo limenidanganya. Nilidhani bila homa si kitu, nikamfukiza kwa majani ya mkaratusi. Akapumua vibaya zaidi. Atieno, anayesuka naye nywele saluni, ndiye ameita bodaboda. Nimempakata hadi hospitali.

Eksirei: mapafu yote mawili meupe. Nimonia mbaya. Daktari ni msichana mdogo, sauti ya chini. Ameniuliza mgonjwa anameza dawa gani nyumbani. Nikasema hakuna. Nikaapa kabisa, kidole juu.

Alhamisi, 12 Juni

Wameongeza oksijeni. Jioni wakaongeza tena. Nimepeleka supu ya mifupa, nimerudi nayo. Akina mama wa kanisa wamekuja, tumesimama nje ya wodi tukaomba Mungu aupe mwili wake nguvu ya kupigana.

Naogopa. Mama huko Kitui anajua ni kikohozi tu. Wageni wa ntheo wanakuja Agosti, kina Musyoka na mbuzi zao, ndipo Kalekye awe mke wake kwa mila yetu. Mbuzi wameshachaguliwa. Bibi harusi mwenyewe anavuta hewa kwa shingo.

Ijumaa, 13 Juni

Mungu wangu. Sijui nianzie wapi.

Atieno amekuja hadi kwenye jiko langu asubuhi, analia. "Mama Mumo, usinichape." Kumbe tangu Januari Kalekye anameza vidonge vya kunenepesha. Deksa. Vile wasichana wanauziwa kichinichini kule Kawangware ili wapate mashavu na makalio. Shangazi yake Musyoka alimwita kijiti cha kiberiti mbele ya watu, wakacheka, na Kalekye akaapa wageni wa ntheo watamkuta amejaa. Kikohozi kilipoanza akaogopa, akaviacha vyote siku moja. Atieno aliapishwa asiseme.

Na mimi niliyaona hayo mashavu! Nilimsifu. Nikasema mapenzi yamemkubali. Nimesimama hapo hadi chapati ikawa mkaa.

Nimekimbia hospitali na aproni yangu. Daktari hakunigombeza, ameshika kichwa tu. Kisha akasema atamchoma dawa. Ipi? Deksa. Ileile! Nikapiga kelele wodi nzima ikanyamaza. Unamrudishia sumu iliyomlaza hapa?

Amenikalisha kwenye benchi. Akaniuliza mtaani kwetu mtu akipiga nduru usiku inakuwaje. Nikamwambia watu wanamwagika, nani asiyejua. Akasema mwili pia una nduru zake. Zinaitwa saitokini. Vitu vidogo sana ambavyo seli zikiumizwa zinavituma kuita askari wa damu. Ile miezi yote deksa ilikuwa imeziba mwili mdomo, vijidudu vikaingia bila nduru. Ndiyo maana hakukuwa na homa. Alipoacha ghafla, mwili uliamka, nduru zikapigwa zote mara moja. Sasa askari wanafurika mapafuni na hawaachi kuja, na kila anayefika anapiga nduru yake. Mishipa inavuja. Maji yanajaa pale hewa inapofaa kukaa. Vijidudu dawa inavimaliza, lakini ule umati haujui kurudi nyumbani.

Nilijua anachosema. Mwaka jana mwizi aliingia kwa jirani, umati ukaja kusaidia. Mwizi alitoroka. Mlango, kitanda na ukuta wa mabati vilienda na wasaidizi.

Kwa hivyo deksa, kwa kipimo na kwa macho ya daktari, ndiyo ya kuwanyamazisha. Tena mwili wake ulishaizoea, kuikata ghafla peke yake kungeweza kumuua. Nimekubali. Jana tuliomba mwili upigane. Kumbe unapigana kupita kiasi.

Jumamosi, 14 Juni

Hakuna mabadiliko. Macho yake yananifuata, siwezi kuyaangalia. Namchukia yule shangazi. Najichukia mimi na kiapo changu. Sikupika leo.

Jumatatu, 16 Juni

Oksijeni imeshushwa kidogo. Daktari amesema tusishangilie, mapafu yaliyobomolewa hujengwa polepole na mengine hayarudi kama yalivyokuwa. Sikushangilia. Nilienda chooni nikalia nimeziba mdomo kwa kitambaa.

Musyoka amekuja. Nimemwambia yote, sikuficha hata moja, hata maneno ya shangazi yake. Ameketi sakafuni, mwanamume mzima. "Nani alimwambia nataka mnene?" Ameuliza hivyo mara nyingi. Wewe ulikuwepo wakicheka, Musyoka. Hilo nimelimeza.

Atieno naye, kumbe, bado anameza vidonge hivyohivyo, ameogopa kuacha na ameogopa kuendelea. Nimemshika mkono nikampeleka kwa daktari papo hapo. Atapunguziwa polepole.

Alhamisi, 19 Juni

Wametoa ile barakoa kubwa ya oksijeni. Amebaki na mrija mdogo puani. Nimekaa kando yake mchana wote, dirisha wazi, manyunyu nje. Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Ijumaa. Ya kumchapa nayo. Nilikuwa nayapanga hata nikisukuma chapati.

Ameamka, akajigusa mashavu. Yamejaa, dawa imeyajaza. Akatafuta pumzi, akaipata, akaniuliza kwa sauti isiyofika hata kitanda cha pili: "Nimenenepa?"

Maneno yangu yote yaliisha. Nikamnyanyua, nikamwekea mto vizuri mgongoni, nikamwambia pumua kwanza.