Inasema Nini Unapobonyeza?

Bodo,
4 Mei 2025

Kwa Babu Gedion,

Shikamoo. Hamjambo wewe na wote walio hapo Chavakali? Sisi huku tu wazima, ila kuna jambo nitalieleza. Hunijui. Mimi ni Sidi, mtoto wa kwanza wa binti yako Milcah. Nina miaka kumi na mitatu. Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha ya zamani iliyo ndani ya Biblia ya Mama. Hajui kwamba ninaandika.

Baba yangu, Katana, alinunua pikipiki kwenye mnada wa vyombo vya serikali. Ni kubwa, ilikuwa ya polisi. Chini ya rangi nyeusi bado buluu yake huonekana. Baba yuko Lamu kwa kazi ya ujenzi, kwa hiyo aliyekuwa akiiendesha ni Mama, akipeleka samaki Diani. Sasa inatusumbua. Haina kiki, ina stata tu, na hapa kwetu ni mchanga, ukiisukuma inazama. Jioni inawaka, asubuhi imekufa. Tumeshabadilisha betri mara mbili. Jirani yetu Mzee Rai huicheka: "Hiyo imestaafu. Zamu ya asubuhi haitaki tena."

Mimi sicheki. Mama ana mimba ya miezi minane. Mwaka juzi tulimpeleka hospitali Msambweni kwa mkokoteni, mvua ikinyesha, na mtoto alifariki kabla hatujafika barabara ya lami. Masika haya tope la bondeni ni lile lile. Bodaboda wote hubaki huko lami, kwa sababu pikipiki zao ndogo huzama. Hii ya polisi ndiyo pekee iliyowahi kuvuka. Muuguzi amesema atajifungua katikati ya Juni, na Msambweni hatuna jamaa wa kumweka Mama akingoja.

Mama husema ulikuwa fundi wa pikipiki za polisi, na kwamba ulikuwa ukiegemeza sikio tu ukajua ugonjwa. Nakuomba namba ya simu, nikusikilizishe.

Jibu kupitia shule yetu, kwa Mwalimu Linet.

Mjukuu wako,
Sidi Katana


Chavakali,
13 Mei 2025

Sidi,

Marahaba. Mimi sijambo.

Simu haitanifaa. Miaka thelathini ya injini imeondoka na masikio yangu yote mawili. Hata kengele ya kanisa naiona tu ikiyumba. Kwa hiyo andika. Unapobonyeza stata, inasema nini? Niandikie sauti yenyewe. Usiniandikie "haiwaki".

Kisha fanya hivi. Betri ikiwa imechajiwa, zima ufunguo. Legeza waya wa hasi kwa spana namba kumi, uuondoe. Chukua balbu ya indiketa uiunganishe kati ya waya huo na betri. Balbu ikiwaka na ufunguo umezimwa, kuna mahali umeme unavuja. Hapo uchomoe kitu kimoja kimoja, honi, taa, uangalie ni kipi kitakachoizima balbu. Usichomoe vyote kwa pamoja, hutajua mwizi ni nani.

Sikuuliza habari za mama yako.

Gedion,
fundi mstaafu


Bodo,
20 Mei 2025

Kwa Babu Gedion,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa barua. Nimeisoma mara nyingi mpaka imechakaa mikunjoni. Natumaini kifua chako kizima kwa baridi ya huko.

Asubuhi inasema: "kat!" Mara moja tu, kama mtu anayevunja kijiti, halafu taa zinafifia. Lakini Ziro mwenye duka la sola akituchajia betri, inasema: "nyau-nyau-nyau," halafu inawaka.

Balbu imewaka, Babu! Kidogo tu, kama kaa lililofunikwa majivu. Nimechomoa honi, taa ya mbele, ya nyuma, na indiketa zote. Bado inawaka.

Mama alinikuta nimelala chini ya pikipiki. Akaniuliza, "Sidi, nani amekufundisha hayo?" Sijui kusema uongo, nikampa barua yako. Aliisoma amesimama. Alipofika mwisho akausoma tena ule mstari wa mwisho. Akasema, "Mwandiko wake haujabadilika," akaingia ndani kupara samaki. Siku hiyo hatukuwa na samaki.

Hukuuliza, lakini nitakuambia. Miguu yake imevimba, na usiku hukaa kitako.

Mjukuu wako,
Sidi


Chavakali,
28 Mei 2025

Mjukuu Sidi,

Marahaba. Sauti umeziandika vizuri. Nimezisikia.

Mwizi nimemjua. Pikipiki hizo tulizitia redio sisi wenyewe gereji. Waya wa redio ni mwekundu wenye mstari mweupe, nao hutoka kwenye betri moja kwa moja bila kupita kwenye ufunguo, ili askari akizima injini bado aweze kuitwa. Kabla ya mnada redio hung'olewa na waya hukatwa kwa kisu, basi. Inua tangi, utazame upande wa kushoto. Utaikuta ncha wazi imelala karibu na chuma, na maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye kreti ya samaki ndiyo yanayoviunganisha. Ukate waya huo karibu na betri, ufunge ncha kwa tepu nyeusi.

Ukikata kitu, funga ncha. Nimewafundisha vijana wengi neno hilo, na nyumbani kwangu, kwa mama yako, sikulifanya.

Jambo jingine: betri ikipungua maji, itie maji ya betri yanayouzwa dukani, si mengine yoyote.

Mama yako akilala, miguu ipandishwe juu ya mto.

Babu Gedion


Bodo,
4 Juni 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mto tumeuweka, na Mama anasema ahsante. Amelisema mwenyewe, sikumwambia aseme.

Waya ulikuwa pale pale ulipotaja, umeota kutu ya kijani. Nilipoukata, balbu ikazimika. Nilipiga kelele, Mama akadhani umeme umenipiga. Ile jioni tulicheka wote wawili.

Lakini asubuhi nilibonyeza, ikasema "kat!" Ziro aliichaji kutwa nzima. "Kat!" Ile nyau-nyau haipo tena.

Babu, nitakiri. Tangu mwezi wa tatu, kila Ijumaa, nimekuwa nikiijaza betri maji ya kisimani. Niliona maji yamepungua, na Baba alikuwa ameniagiza niitunze pikipiki yake. Kisima chetu kina chumvi; wageni hushindwa kumaliza chai yetu. Betri zile niliziua mimi. Na sisi tulikuwa tukimlaumu fundi wa Ukunda aliyetuuzia.

Betri kubwa kama hii haipo hapa. Barabara imejaa maji, na simu ya Baba haipatikani tangu Alhamisi. Sijamwambia Mama. Je, betri inaweza kuoshwa? Nijibu upesi, hata neno moja.

Mjukuu wako,
Sidi


Bodo,
11 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Hakuna barua. Mwalimu Linet hutikisa kichwa kabla sijamwuliza.

Nimemwambia Mama habari ya kisima. Nilingoja kofi. Alisema, "Ulikuwa ukiitunza," basi. Nafuu angenipiga.

Leo amemwomba Mzee Rai aupake mkokoteni mafuta. Nimeyasikia magurudumu yake yakijaribiwa uani. Sauti hiyo sitakuandikia.

Kama umechukizwa nami, una haki. Lakini nijibu.

Sidi


Msambweni, benchi la nje ya wodi ya wazazi,
Jumamosi, 14 Juni 2025, saa tatu asubuhi

Babu,

Shikamoo tena, ingawa umekaa hapa na goti lako linagusa langu. Umenipa kalamu na nyuma ya tiketi ya basi umeandika: "Wanasema nini?" Bado hawajasema kitu. Nimechana karatasi kwenye daftari langu. Acha nikuandikie yale ambayo hukuyasikia.

Jana ulipotokea kwa miguu, tope mpaka magotini, umekumbatia kikapu chenye betri, Mzee Rai alikuuliza, "Mzee, kuku huyo unamtoa wapi?" Ndiyo maana watu walicheka. Hawakukucheka wewe.

Mama alipokuona mlangoni alisema, "Amezeeka." Wewe ulirudi nyuma hatua moja, ukidhani anakufukuza. Hakukufukuza. Alikuwa akitafuta kiti cha kukupa.

Leo kulipopambazuka na uchungu ukamshika, ulibonyeza stata ukanitazama. Nilikuonyesha kidole gumba tu kwa sababu nilikuwa nalia. Ilisema "nyau-nyau, vruuum!" bila kusita hata kidogo. Mzee Rai aliuachia mkokoteni ukaanguka.

Na kule bondeni, maji yalipofika kwenye ekzosi, Mama alikuwa amekushika kiuno na mimi nimemshika yeye. Ulidhani ni maumivu tu yanayomfanya akubane vile. Alikuwa akisema neno moja. "Baba. Polepole, Baba. Baba." Alilisema mpaka tukafika lami. Sijawahi kumsikia akilisema.

Muuguzi ametoka mbio, amechukua kitu kabatini, amerudi ndani. Hakunitazama. Babu, ninaogopa. Usiutoe mkono wako begani kwangu. Mwandiko umeharibika, nisamehe.

Ndani pamenyamaza. Mwaka juzi kule mkokotenini pia palikuwa kimya hivi.

Ngoja.

Babu, soma! Anasema hivi: ngaa! ngaa! ngaa! Ni sauti nene, yenye hasira. Mama naye anacheka, au analia, siwezi kutofautisha. Nitaendelea kuandika mpaka watufungulie mlango, usikose hata moja: ngaa, ngaa, ngaa, ngaa

Mjukuu wako wa kwanza,
Sidi