Wazike Mgomba Badala ya Rozalia?

Mke wangu Rozalia alikufa Nairobi, akazikwa huko huko. Mama mshauri, ndiyo habari yenyewe, sina namna nyingine ya kuisema. Naomba unisaidie maana hapa kila mtu ananiambia lake.

Mimi ni kibarua wa barabara, napiga sururu na kupakia kokoto. Kuandika nimejifunza ukubwani kwenye kisomo, mwandiko uvumilie. Mwaka 1976 binti yetu Melania, aliyeolewa Nairobi, alijifungua, mama yake akaenda kumsaidia. Akaugua tumbo, akafa. Telegramu ilipitia misheni Rulenge, ikanikuta kazini. Nikapanda basi mpaka Mwanza, meli mpaka Kisumu, basi tena. Nikakuta wameshazika. Sikumlaumu mtu. Maiti haingoji meli.

Kwa Melania ni chumba kimoja. Mtoto analia, Melania analia, mimi nimekaa kitandani kama mzigo. Nikamwambia, nionyeshe basi la kwenda kwa mama yako. Akanionyesha la Lang'ata, ndiko makaburi yaliko. Sasa kwetu Mugoma ukiingia penye watu unasalimia, kwa hiyo nikaingia nikaanza kuwapa mikono, kiti kwa kiti, shikamoo huyu, hujambo yule, habari za hapa, watu wananishangaa, wengine wanaficha mikono wanadhani naomba, na kondakta, kijana wa Kikamba anaitwa Mutiso, akapiga kelele, "Mzee, hapa si matangani, kaa chini!" Basi zima likacheka. Nikakaa.

Alipokuja kukata tiketi akaniinamia. "Mzee, mnatoka wapi ninyi? Kuna mama alikuwa anasalimia hivi hivi, basi zima. Ni wenu?"

"Ni mke wangu."

"Siku hizi simwoni. Yuko wapi?"

"Huko unakonipeleka."

Tiketi hakuikata.

Huyo Mutiso ndiye aliyenieleza. Makondakta wanabadilishwa njia, kwa hiyo alimbeba mara nyingi. Mama mshauri, Rozalia huku hakuwahi kuvuka Rulenge, lakini kule akimaliza kumwogesha mtoto alikuwa anapanda basi peke yake anakwenda nalo mpaka mwisho wa njia anarudi nalo, alikwenda Eastleigh, akaenda Kawangware, akaenda Embakasi kuangalia ndege zikiruka, akamwambia Mutiso zinapiga kelele kama mvua ya mawe kwenye bati la kanisa. Anakaa dirishani. Anacheka. Nikamwuliza anachekaje, akaniigizia, na ni yeye kabisa. Kicheko kile mimi nilikisikia mara ya mwisho tukiwa vijana. Na alimwambia, "Mwakani nitamleta mzee wangu aone."

Basi nikapanda yote aliyopanda. Nikakaa dirishani. Nikitoka Eastleigh au Embakasi napitia Lang'ata namweleza nilichoona. Nilimwambia habari ya mwanamke wa Kisomali aliyegombana na kondakta kwa ajili ya kuku. Nilimwambia taa za barabarani zinawaka zenyewe. Sikuwahi kuongea naye hivyo akiwa hai, tulikuwa tunaongea maharage na mvua. Kibali cha safari kikaisha, nikarudi, nikasema nitakwenda kila mwaka. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ukafungwa. Ikaja vita ya Uganda. Vita imekwisha, mpaka bado umefungwa.

Sasa shida. Ukoo wetu, mtu akizikwa mbali, wanakata mgomba wanauzika kama mtu, mfiwa ananyolewa, msiba unaisha. Mimi nimekataa. Tangu tuhamishiwe kijijini makaburi ya kila mtu yamebaki mahameni kule mlimani, wanayafuata kwa miguu. La kwangu linafuatwa kwa basi. Lakini lipo. Wakizika mgomba watasema Rozalia yuko hapa. Hayuko hapa.

Mwanangu Privatus anataka kuoa. Wakwe wamesema binti yao haingii nyumba yenye msiba ulio wazi, na wakichoka kungoja yuko mwingine anayemtaka. Juzi baba mdogo Matiasi akaniita mbele ya watu.

"Wewe, kufa kwa mkeo kulikwisha, ni wewe unayekuendeleza. Mvua zikikatika tunazika mgomba."

"Baba mdogo, mgomba si Rozalia."

"Na basi ndilo Rozalia?"

Walicheka wote, hata mwenyekiti wa kijiji. Sasa naitwa Bwana Basi. Privatus hakucheka.

Habari ya mama yake kupanda mabasi peke yake sijamwambia mtu, watasema alizurura. Wewe ni wa kwanza, jina langu libadilishe. Nikiwa napasua mawe nawaza, labda kule alikuwa na furaha kuliko kwangu. Nina hamu naye mpaka nyundo inaanguka.

Nikubali au nikatae? Lori la barabara lilichukuliwa vitani, kazi ikasimama. Limerudi. Kesho narudi kazini.

Novatus, Mugoma, Ngara

*

MAMA DEODATA ANAJIBU:

Baba Privatus, pole. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Sasa nisikilize na usininunie.

Umeniuliza habari ya mgomba. Habari ya Privatus hukuniuliza. Kijana huyu alifiwa na mama yake akiwa huku. Kaburi hakuliona. Basi la Lang'ata hakulipanda, Mutiso hakumwigizia kicheko. Wewe ulipata siku zako za kumuaga Rozalia, na ulimuaga vizuri kuliko wengi ninaowajua. Mwenzio amepata nini? Kilichombakia ni huo mgomba, na ndio unaomnyima. Haya, sema mwenyewe, ni haki?

Unaogopa watasema Rozalia yuko hapa. Nani asiyejua mgomba ni mgomba? Ungewaambia wazike mtu mwingine kwa jina lake wangekataa. Wanazika mgomba kwa sababu wanajua Rozalia aliko. Na ukinyolewa utanyolewa nywele tu, hamu hainyolewi. Matiasi akisema msiba umeisha, sasa na wewe uoe, hilo ni jibu lako, hata likiwa hapana mpaka siku yako ya mwisho. Mheshimu, lakini hakuna baba mdogo anayeoa kwa niaba ya mtu.

Na hilo la furaha, acha kujitesa. Mwanamke aliyemchoka mumewe haahidi kumleta mwakani. Alikuwa anakukagulia njia. Angekuwa hai ungechoka kuonyeshwa madirisha.

Atakayesema alizurura mwambie aniandikie mimi. Jina nimelibadilisha kama ulivyotaka, lakini Ngara nzima hakuna Bwana Basi wawili, na gazeti hili linasomwa mpaka kilabuni. Kwa hiyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mwite Privatus umweleze yote, asije akasoma mambo ya mama yake kwa watu.

Usijaribu kuzunguka Uganda kwa njia za panya ili ufike Nairobi. Bunduki bado zimezagaa huko, na Melania hataki kuhudumia makaburi mawili. Mpelekee salamu kwa masista wa misheni, wao wana namna zao, akung'olee majani kaburini mpaka njia ifunguliwe. Kaburi la Lang'ata halina haraka. Binti wa watu anayo.

Nenda kwa padre uombe misa kwanza. Kisha mwambie Matiasi umekubali, kwa sharti moja: mgomba asiuchague yeye. Ile ya kijijini imepandwa juzi, haimjui mtu. Mwombe mwenyekiti ruhusa, upande mlima na Privatus mpaka mahameni kwenu, mkaukate katika migomba aliyoipanda Rozalia kwa mikono yake. Mkiwa njiani mnashuka nao, wewe shika upande mmoja na mwanao upande mwingine.