Sinia la karafuu mezani

Silima, usicheke kwanza. Nimetolewa nje, niko barazani, miguu haitulii.

Si unajua nimekuja kuomba shirika la karafuu linilipie safari, likizo hii ya Makerere nikajifunze biashara ya karafuu London? Mezani wameweka sinia la karafuu, sampuli ya mnunuzi wa London. Wanauliza, najibu. Najibu vizuri, wallahi!

Kumbe mikono inachambua! Kama nyumbani kwa mama, kule Mtambile: karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule.

Mzee Mbarouk, mkubwa wao, akakodoa macho. "Kijana, hiyo ilikuwa daraja la tatu. Umeifanya la kwanza!"

La kwanza, Silima!

Akaendelea: "Na magunia yote ni la tatu. Mnunuzi tumwambie nini?"

"Nipelekeni mie nikamwambie."

Hakucheka mtu. Sasa wanabishana ndani.

Na hapa pembeni yangu pana gunia wazi la karafuu. Ndiyo maana nakuandikia, mikono ipate kazi nyingine.