Baba, Saa Tisa Yako Ilikuwa ya Alasiri

Mpendwa Baba,

Wamenishauri nikuandikie kukuomba radhi. Nimekataa. Radhi nitaiomba kwa shangazi, ambaye yu hai na ana haki ya kuninyima. Kwako nimekuja na hoja, kama tulivyozoeana.

Kwanza ujue nilichofanya. Siku ya kumaliza matanga yako, mbele ya ukoo mzima, nilisimama uani kwako hapo Nyamuswa, na kwa kinywa changu nikamwondoa dada yako katika nyumba uliyompa. Sikuhitaji panga wala mahakama. Nilikuwa na programu niliyoiandika mwenyewe, na sauti ya mtu aliyehitimu.

Unaikumbuka siku niliyokuletea ile kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, niliyoinunua Musoma? Uliifunua taratibu, kama ulivyokuwa ukifunua daftari la mwanafunzi mgeni, ukasoma saa iliyo kwenye kona ya kioo, ukacheka. "Inasema saa kumi. Saa kumi, na mimi sijala hata cha mchana?" Ilikuwa saa nne asubuhi. Uliniagiza niirekebishe, nami badala ya kuirekebisha nikakuhutubia: kwamba dunia nzima imekubaliana kuanza kuhesabu usiku wa manane, kwamba mashine haiwezi kufuata desturi za kila kijiji. Ukaniuliza ni nani katika dunia hiyo nzima anayeianza siku yake usiku wa manane. Nikakwambia hiyo si hoja. Ukanyamaza, nami nikadhani nimeshinda.

Kasha la nyaraka zako ndani ya kompyuta hiyo nilikutengenezea nikiwa mwaka wa pili chuoni. Ulikuwa umestaafu ualimu, na ukatibu wa ukoo ndio uliokuwa umebaki kuwa darasa lako: mihtasari ya vikao, barua za kanisani, makubaliano ya mahari, mipaka ya mashamba. Ulikuwa na desturi iliyonishinda kuielewa, ya kutochana rasimu yoyote. "Hata neno lililokataliwa lilisemwa," uliniambia, na nilipokujibu kwamba hivyo ndivyo nyumba zinavyojaa takataka, ukasema takataka pia zina tarehe.

Basi nikatafuta chombo cha kuihudumia desturi hiyo. Nikapata maktaba ndogo ya lugha ya C, yaani msimbo ulioandikwa na mtu nisiyemjua, wenye kazi moja tu: kusoma na kuandika faili-kasha, faili moja inayobeba faili nyingine nyingi ndani yake kama gunia linavyobeba vifuko. Ilikuwa na kurasa chache mno hata niliweza kuisoma yote, mstari kwa mstari, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu programu nyingine yoyote niliyowahi kuitumia. C haimbembelezi mtu. Ukilifungua kasha usilifunge, hasara ni yako, na ukichukua nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine usiirudishe, hakuna atakayekukumbusha. Rafiki niliyepanga naye chumba Musoma alinicheka, akasema C ni lugha ya wastaafu. Nikamjibu kwamba hata mteja wangu ni mstaafu.

Kazi yake ilikuwa nyepesi. Kila ulipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, waraka uliingia mwishoni mwa kasha, nyuma ya uliotangulia, ukiwa na jina lake, ukubwa wake na saa yake ya kuandikwa. Hata jina likifanana na la zamani, la zamani halikufutwa. Nilikutii katika hilo. Ila upande wa kusoma niliweka amri yangu mwenyewe: jina moja likitokea mara mbili, chukua waraka wenye saa ya baadaye. Ningeweza kuandika: chukua ulioingia mwisho. Zote mbili ni mstari mmoja. Nikachagua saa, kwa sababu niliiamini saa kuliko nilivyokuamini wewe.

Sasa rudi nami uani. Baba mdogo alidai upo muhtasari unaosema kwamba shangazi, aliyerudi kutoka Suguti baada ya kufiwa na mumewe na kufukuzwa na shemeji zake, atakaa katika nyumba ya mashariki kwa muda tu, mpaka familia itakapopanga vingine. Naye alikwisha kupanga: alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, maana ndiyo sehemu iliyo karibu na barabara ya mabasi. Shangazi akasema upo muhtasari mwingine, ambao wewe mwenyewe ulimsomea, unaosema nyumba ile ni yake mpaka kufa kwake na hakuna wa kumtoa. Wote wakanigeukia mimi. Nikaita jina la waraka, na programu ikatoa mmoja tu, ule wa baba mdogo.

Shangazi akaomba niangalie tena, taratibu, labda nimepitiwa. Nikasema neno ambalo watu walilipenda sana: "Kompyuta haina shangazi wala baba mdogo."

"Kama kaka aliandika hivyo, sina neno," alisema shangazi, na kesho yake akaanza kuweka vyombo kwenye magunia. Baba, nilimsaidia kuyafunga. Nilikaza kamba kwa goti, nikajiona mpwa mwema.

Niliporudi Butiama, kwenye ofisi ninakojitolea huku nikingojea ajira, kauli moja ilikataa kunitoka: kwamba wewe mwenyewe ulimsomea. Shangazi hasomi vizuri, lakini sijawahi kumjua akisikia vibaya. Jumamosi iliyofuata nikashuka Musoma chumbani kwangu, na baada ya chakula cha mchana nikaandika programu nyingine juu ya maktaba ileile, fupi kuliko barua hii. Safari hii sikuiruhusu ichague kitu. Iingie tu, ipite kutoka waraka wa kwanza hadi wa mwisho, na kila inapofika itaje jina, ukubwa na saa, kama ulivyokuwa ukiita mahudhurio.

Muhtasari ulikuwamo mara mbili. Ule wa baba mdogo, aliouchapisha kwenye steshenari ya Bunda asubuhi ya kikao na kukuletea kwa fleshi, ulikuwa na alama ya 11:40, saa ya mashine ya huko Bunda. Mbele yake, yaani ulioingia kashani baada yake, ulikuwapo wako, wa siku ileile, ukiwa na alama ya 09:20. Mdogo kwa saa, lakini wa mwisho kwa foleni. Hilo haliwezekani. Katika kasha lile hakuna njia ya kuruka foleni; nililijenga mimi, najua.

Nikaanza kuzitazama saa zako zote. Barua kwa paroko: 03:05. Orodha ya wachangiaji wa msiba: 02:30. Mpaka wa shamba la jirani: 01:50. Kwa saa ya mashine, katibu wa ukoo alikuwa akifanya kazi zake zote wakati majogoo wamelala. Nikacheka peke yangu, kwa sababu wewe taarifa ya habari ikiisha ulikuwa unalala hapohapo kwenye kiti. Kisha nikafungua ile barua kwa paroko. Wewe kila barua yako ilianza kwa kutaja saa, kama ulivyotufundisha. Ilisema: leo, saa tatu asubuhi.

Ndipo nilipoelewa. Siku ile niliyokuhutubia hukunyamaza kwa sababu umeshindwa. Ulisubiri nipande basi, ukairudisha saa nyuma kwa masaa sita, ikasema saa tatu wakati wa saa tatu. Miaka yote ile mashine ilifuata jua la Nyamuswa, na 09:20 yako ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Baba mdogo alikuwa amekwisha kurudi Bunda, ninyi mkakaa tena baada ya chakula na wazee wawili waliobaki, ukaandika neno la mwisho.

Mkuu wangu ofisini, nilipomwonyesha orodha ile, alinishauri niongeze masaa sita katika kila faili yako ili rekodi zinyooke. Nimemkatalia pia. Rekodi zako zimenyooka. Kilichopinda ni mstari mmoja wa msimbo, na huo ni wangu. Watu hawa wanaotuambia saa moja asubuhi ni kosa la kurekebishwa, nami nilikuwa mmoja wao, waje wanieleze kwa nini mwalimu mzima abadilishe asubuhi yake ili isimsumbue mtoto wake. Hata hivyo usijisifu haraka. Ungeniambia. Ungeniandikia mstari mmoja tu kwamba saa umeirudisha, na dada yako asingefunga magunia. Ubishi wako ulikuwa wa haki, ila ulikuwa wa siri, na siri ndiyo iliyolipa kosa langu nafasi.

Niliomba kikao kiitishwe upya. Wakasema mambo yalikwisha, na kijana hawezi kuwaita wazee mara mbili kwa jambo moja. Nikawaambia nitakaa uani mpaka waje, na nilikaa kweli. Walipokuja, baba mdogo ndiye aliyeanza. "Juzi kompyuta haikudanganya. Leo imedanganya. Na kesho itakuwaje, msomi?"

"Haikudanganya, baba mdogo. Mimi niliiuliza swali la kipumbavu, ikanijibu."

Nikawasomea barua kwa paroko na alama yake, kisha nyingine nne za namna hiyo, mpaka hata waliokuja kunikasirikia wakawa wanahesabu wenyewe kwa vidole. Yule mwalimu mwenzako, jirani yetu, akagonga fimbo yake chini. "Kwa hiyo jamaa aliilazimisha mashine iseme Kiswahili? Alikuwaga mbishi huyo, tangu tunafundisha wote." Watu wakacheka. Baba mdogo naye, nikiwa mkweli kwake, hakuwa mwongo. Alikiri kwamba mchana ule alikuwa ndani ya basi na hakujua kilichoandikwa nyuma yake. Wakanitaka nisome muhtasari wako wa saa tisa. Nikausoma wote. Nyumba ikabaki ya shangazi.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Lakini shangazi akaniita pembeni, akataka niifute ile karatasi ya baba mdogo isionekane tena milele. Nikamwambia siwezi.

"Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki, shangazi. Nikifuta yake leo, nimemfundisha mwingine kufuta yako kesho."

"Kwa hiyo unanifugia nyoka humo ndani ya kasha lenu?"

Nikamjibu kwamba nyoka anayeonekana ni salama kuliko aliyefukiwa kwenye majani. Hakuridhika, wala sikumlazimisha aridhike. Badala ya kufuta, niliandika. Nilikaa mezani kwako na kuongeza kashani waraka mmoja mwishoni, nikaupa jina la kosa langu. Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliuliza ninaandika nini, na nilipotaka kumweleza kwa maneno mengine akasema nisome kama kilivyo, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Nikasoma: Mimi, mtoto wa kwanza wa katibu, nilisoma vibaya maneno ya baba yangu mbele ya ukoo. Aliyesema kweli ni shangazi. Hakuwa na karatasi, nami nilikuwa nazo zote.

Shangazi akatoka, akaenda nyumba ya mashariki, nami nikamfuata, akaanza kuyafungua magunia. Kamba nilizozikaza mimi zilimsumbua. Nilipoinama kumsaidia, akanishika mkono, akautoa juu ya gunia.

"Wewe kaa hapo," alisema.

Nilikaa. Nilikaa chini, mlangoni pake, nikimtazama akitoa sufuria moja baada ya nyingine na kuirudisha mahali pake, mpaka ya mwisho.

Lala salama, Baba. Hoja zako nitaendelea kuzijibu, na pale uliponishinda nitasema umenishinda, kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza, mrithi wa ubishi wako.