Masanduku Hayafunguliwi Mpaka Urudi, Damiani

Mjukuu wangu Damiani,

Marahaba! Najua bado hujaniamkia, lakini nina haraka, shikamoo yako utanipa ukifika. Vimefika! Vifaa vimefika, mwanangu! Jana lori lilitoka stesheni limejaa masanduku ya mbao, likaingia hapa kwenye nyumba yetu ya watoto wa kesi kinyumenyume, likanivunjia kichanja changu cha vyombo, na sikumtukana dereva. Hebu fikiri. Mimi huyu, sikumtukana dereva!

Wanasema humo mna randa, misumeno, meza ya seremala, cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Na vitanda, Damiani! Si ile mikeka mliyokuwa mkiamka mashavu yamepigwa chapa ya ukili. Harufu ya mafuta ya mashine inapenya kwenye nyufa za mbao. Watoto wa kesi wote wako juu ya masanduku wanabishana. Huyu anaapa mna baisikeli, yule anaapa mna bunduki. Nikawaambia, "Humo mna adabu, imeletwa kutoka Ulaya." Wakaniuliza, "Bibi, inaliwa?"

Lakini yamefungwa. Bwana aliyekuja nayo amesema haya hayafunguliwi na mtu ambaye hakusomea kulea watoto wa kesi. "Mlezi wenu akirudi na cheti chake, atafungua mwenyewe. Asiporudi, tutayapeleka mji mwingine wenye mlezi." Nikamjibu pale pale, "Atarudi." Nilisema kwa kifua chote, mpaka akarudi nyuma hatua.

Sasa jioni ile ile akanipitia Rajabu, huyo mnayesoma naye huko Darisalama, amekuja Tanga kumzika baba yake. Nikamkaribisha jikoni, nikampa pole, nikamuuliza habari zako. Akanung'unika kwanza, halafu akasema, "Bibi, Damiani amefunga mzigo. Anataka kuacha."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Wamejua kwamba na yeye aliwahi kuletwa na korti kwenye nyumba kama hii. Akisimama darasani kujibu, mtu wa nyuma anasema, 'Tulieni, mfungwa anasema.' Watu wanacheka."

"Na wewe?"

Akatazama chini. "Mwanzoni nilicheka, Bibi."

Nikampa uji, maana ana msiba. Lakini nilimpa bila sukari.

Ndiyo maana barua hii sikuitia gundi. Anayeiandika ni Maalim Kombo, jirani yangu, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Naye amekasirika, anasema barua ya mtu ni siri ya mtu. Nimemwambia hii si siri, aandike. Nataka usimame mbele ya hao wanaokucheka uisome kwa sauti, kama unavyosoma wewe, bila kumeza maneno. Wanataka kujua ulitoka wapi? Nitawaambia mimi niliyekuwepo.

Unaikumbuka siku uliyoletwa? Mama yako alikuwa ametoka bara kuja kufanya kazi kwenye shamba la mkonge. Wewe, na miguu yako mifupi, ukachukua baisikeli ya nyapara ukaenda nayo Muheza kutazama treni. Ulikuwa umepitisha mguu chini ya paipu, umejipinda kama kaa. Kukanyaga ulijua, breki hukuzijua. Ukaishia ndani ya makapu ya machungwa ya watu, na korti ikaandika wizi. Huo ndio ujambazi wako wote. Waambie. Machungwa yale mpaka leo nayacheka.

Siku zile kila mtoto mgeni alinyolewa getini, juani, wenzake wakimtazama, eti kwa ajili ya chawa. Mlinzi wetu, yule mzee aliyetoka jeshini, alikuwa na amri mbili tu, simama na kaa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumfundisha ya tatu. Akakukamata shingo kama kuku wa kuchinjwa, nawe ukamng'ata mkono, damu ikatoka. Akainua fimbo.

Mimi nikatoka jikoni na upawa unachuruzika mchuzi. "Hicho kichwa nipe mimi!"

"Mama mpishi, rudi kwenye sufuria yako!"

"Sufuria yangu haing'ati. Mwenye damu ni wewe. Nipe, bwana!"

Nikakuketisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nikakulowesha kwa maji ya uvuguvugu. Ulikuwa unatetemeka mpaka ile mbuzi inagonga sakafu. Sikukuuliza umeiba nini. Nilikunyoa vile tunavyomnyoa mtoto mchanga nywele zake za tumboni, polepole, kuanzia mbele, kiganja kimoja nimekilalisha kisogoni. Nikatia ubani kwenye chetezo. Wenzako wakajazana mlangoni, mmoja akapiga ukelele, "Jamani, Bibi amejifungua!"

"Uongo! Mtoto gani anazaliwa na meno?"

"Muulizeni mlinzi!"

Ukacheka, Damiani. Kamasi limening'inia, machozi hayajakauka, ukacheka. Nami nikapika bokoboko, maana mtoto akinyolewa sharti watu wale. Hata mlinzi alikuja na sahani yake, mkono umefungwa kitambaa, akaomba aongezewe.

Jumapili mama yako akaja kukutazama. Akakuta kichwa kinang'aa na nguo zinanuka ubani. Mimi nimeshajifunga kanga kiunoni tayari kwa ugomvi, maana nimemfukiza mtoto wa Kikristo bila kuuliza wenyewe. Akakunusa utosini. Akanusa tena. Akasema, "Mama, mbona hata kanisani kwetu wanafukiza?" Tukacheka wote wawili mpaka tukashikana mabega. Tangu siku hiyo mimi nikawa bibi yako, na sikumwomba mtu ruhusa.

Na tangu siku hiyo hakunyolewa tena mtoto getini. Mlinzi mwenyewe alikuwa akiwaleta jikoni. "Bibi, mtoto wako mwingine huyu." Fimbo anaiegemeza nje.

Lakini usije ukadhani nasema jikoni kwangu kunatosha. Hakutoshi! Unamkumbuka Mwinyi, yule aliyekuwa hasemi? Sufuria ikianguka anajikojolea. Chakula anaficha chini ya mkeka mpaka kinaota ukungu. Wengine walisema ana shetani, wengine walisema ana kiburi. Tulimpikia, tukamfukiza, tukamwombea, na aliondoka vile vile alivyokuja. Wewe ulisimama pale kwenye mtungi, kata ya maji mkononi, ukaniuliza, "Bibi, hakuna mtu anayejua la kumfanyia?" Nikakujibu, "Labda yupo. Hapa hajafika."

Siku ulipopanda basi kwenda chuoni, nilijua nani anakwenda kufanywa mtu huyo.

Sasa sikia. Nilimbana Rajabu, huko mnasoma nini? Akaniambia mnafundishwa namna ya kukaa na mtoto asiyejibu. Mnafundishwa kumzuia aliyepandwa na hasira bila kumvunja mkono. Mnafundishwa kuuliza habari za kwao kabla ya kuuliza kosa lake. Nikaruka, Damiani! Na magoti haya mabovu, nikaruka! Nikamwambia arudie tena, na tena, mpaka uji wake ukapoa. Kumbe yapo! Kumbe ya Mwinyi yana watu wanaoyajua, na wanayatoa bure kwa anayekaa akasikiliza, na wewe unafunga mzigo kwa sababu ya mtu wa nyuma?

Uji wa Rajabu nikaupasha moto upya. Nikautia sukari.

Nikwambie na jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine, na Maalim ameacha kuandika ananitazama. Andika, Maalim. Mikono yangu imeanza kutetemeka. Wiki iliyopita kaletwa mtoto wa Pangani, nikamnyoa, wembe ukateleza karibu na sikio. Damu kidogo tu. Akaniambia, "Bibi, mimi nilishatahiriwa, hii ya nini tena?" Jiko zima likavunjika mbavu, na mimi pia. Lakini baadaye nilikwenda nyuma ya jiko nikaitazama mikono hii. Sina wa kumpa wembe. Yule mlinzi wetu mzee macho yamekwisha. Walinzi hawa wapya wamekuja na zile zile, simama na kaa. Mimi nikiuweka chini, watoto watarudi kunyolewa getini.

Basi fungua mzigo, mjukuu wangu. Toa nguo, zitundike. Mtu akisema tena, "Mfungwa anasema," mjibu, "Ndiyo, anasema. Andika." Halafu useme unachojua kuhusu mtoto anayetetemeka, maana ulitetemeka, na useme unachojifunza, maana hilo mimi siwezi kukupa. Ukimaliza, njoo na cheti chako, na nyundo, uyafungue masanduku haya kabla watoto hawajayafungua kwa meno. Nami nitakaa mbele kabisa, nione kama ni baisikeli au ni bunduki.

Wembe nimeunoa, nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu nyekundu. Siugusi tena. Akiletwa mtoto kabla yako, nitampa bokoboko, nitamfukiza, atakaa hapa jikoni na nywele zake na chawa wake, tujikune wote wawili. Akija wa kumpeleka getini, atanikuta na upawa.

Siku utakayoshuka kwenye basi, maji nitachemsha mimi. Kunyoa utanyoa wewe.

Ni mimi bibi yako,
niliyekuzaa una meno.