Pete Yako na Kichujio cha Veronika

Baba Bonifasi,

Nakuandikia nikikaa hapa mulangoni, karatasi juu ya kibao cha kukatia mboga, kwa sababu meza nimeisha kuitandika kwa ajili ya wageni. Leo ni siku ya Mungu, ndiyo siku ya kuondoa matanga yako. Dada yako Veronika ametoka Kibati asubuhi pamoja na ndugu zako, na watu wa misa ya kwanza wamesema waliwapita barabarani. Sina wakati mwingi. Lakini nataka nikuambie wewe mbele ya kumuambia yeye.

Nilipoteza pete yako ya shaba.

Ngoja, usikasirike. Wewe ulikuwa mutu wa kukasirika halafu kusikiliza. Leo anza na kusikiliza.

Tangu ulipoenda nimekonda. Mimi, yule uliyekuwa unaniita "mulango wa kanisa" kwa sababu watu wawili walishindwa kupita pembeni yangu! Vidole vimelegea. Juma lililopita nilienda ziwani kusugua sufuria na muchanga, pale pale penye jiwe jeusi uliponitengenezea pa kukaa. Nikasugua mpaka sufuria ikang'aa, unanijua, hakuna sufuria Goma nzima inayong'aa kama yangu. Niliporudi, nikitia mukono katika unga, nikaona kidole ni kitupu. Nilikaa chini. Unga ulibaki humo humo mpaka kuku wakaukuta.

Desturi ya kwenu unaijua kuliko mimi. Siku kama ya leo mujane anaweka mukono wa kushoto mezani, dada ya marehemu anavua pete, anaiosha, anairudisha, na muke anabaki na jina la bwana wake mpaka afe. Kidole kikikutwa kitupu, wanasema muke alimutupa bwana mbele ya siku yake. Hakuna kueleza. Miaka yote hii ninaitwa muke wa Baba Bonifasi. Hata sijui nitaitikia jina gani lingine.

Sasa sikiliza habari za mutoto wako, maana hapa lazima nijisifu kidogo. Unakumbuka ulisema, "Huyu atakuwa wa kubeba mizigo tu"? Haya! Bonifasi leo ni mutu wa mashini. Bwana enjenyeri wa mabomba ya maji ana mashini ya kutafuta chuma chini ya udongo, moja ya zile za vita, walikuwa wanatafutia mabomu. Ina sahani ya duara mwisho wa fimbo ndefu, na vitu vya kuvaa masikioni. Ikipita juu ya chuma au shaba, inalia. Na katika wafanyakazi wote, ni Bonifasi peke yake anayeruhusiwa kuishika. Peke yake! Nimewaambia watu wote wa sokoni, na waliosikia mara ya kwanza nimewaambia tena. Jana, siku ya posho, kazi ilipoisha saa sita, bwana akamuachia mashini mpaka jioni.

Nilifikiri shida imeisha. Kumbe mashini ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni chombo cha kuchotea.

Kwanza muchanga wetu wenyewe ni mweusi, umetoka katika mulima wa moto, una chuma ndani yake. Mashini inanung'unika kila mahali kama mutu mwenye njaa. Bonifasi anasikiliza mpaka apate sauti kali kidogo, anasema, "Hapa, mama," mimi nachota. Nilianza na beleshi ya kazini kwake. Muchanga uko ndani ya maji mpaka magotini. Ukiinua beleshi, maji yanamwagika pembeni na muchanga unafuata. Kama pete ilikuwamo, imerudi ilikotoka. Nikaitupa pembeni.

Halafu tukaleta chombo changu mwenyewe. Nilikuwa nimekitengenezesha siku moja mbele ya hapo: kopo la petroli limekatwa vizuri, limetobolewa matundu kwa musumari, limetiwa mupini mrefu. Kizuri, Baba Bonifasi! Nilipita nacho njia ya mbali makusudi ili majirani wakione. Tukachota, tukatikisa, nikakiweka karibu yangu. Mara mashini ikalia kwa nguvu. Mimi nikapiga kigelegele: "Si nilikuambia!" Tukachimba. Hakuna. Inalia tena, kushoto. Tukachimba. Hakuna. Mashimo matatu, mimi jasho mpaka mugongoni, ndipo Bonifasi akatoa vile vitu masikioni, akakitazama chombo changu, akasema pole pole, "Mama, ni hicho chako kinacholia."

Kopo ni chuma! Wanawake waliokuwa wanafua walicheka mpaka mmoja akaacha nguo yake ikaenda na maji. Mimi nilicheka nao. Lakini jua lilikuwa limeisha kuinama.

Nikajaribu ungo wangu wa unga. Unafaa kwa kuwa hauna chuma, lakini hauna kina. Wimbi dogo tu linaufagia. Nikakaa kwenye jiwe lako nikafikiri kama mutu aliyefika darasa la pili. Nataka chombo cha kina. Kisiwe na chuma. Matundu yake yapitishe muchanga, lakini hata punje ya haragi ya kupika isipite, maana haragi ikibaki, pete itabaki. Nilijua kilipo. Nilikijua tangu siku ile pete ilipopotea, nilikuwa nakikimbia.

Kichujio chako cha kasiksi, pombe yako ya ndizi.

Kilikuwa ukutani pale ulipokitundika, bado kinanukia ndizi. Kitu cha marehemu hakishikwi mpaka matanga yaondoke, najua. Na kile si kichujio cha kununua: Veronika alikisuka kwa mikono yake mwaka tulipooana, na kila akija macho yake yanaenda ukutani kwanza, halafu ndipo ananisalimia. Nilisimama mbele ya kichujio nikasema kwa sauti, "Baba Bonifasi, naazima." Nikakishusha.

Tulikifunga kwenye fimbo. Muchanga ulipita ndani yake kama kasiksi yenyewe, yakabaki mawe tu na maganda ya konokono. Mara ya kwanza mawe. Mara ya pili musumari wenye kutu. Nilikuwa nimeacha kuhesabu, jua liko juu ya maji, Bonifasi anasema, "Mama, lazima nirudishe mashini," nami nasema, moja tu, moja tu. Katika hiyo moja nikaiona. Nyekundu kidogo, katikati ya mawe meusi, imekaa chini kabisa.

Nilishika kwa haraka. Nilivuta vibaya. Mawe yetu yanakata kama chupa, unajua. Chini ya kichujio palipasuka, pana kama mukono wangu.

Basi pete ninayo. Nimeizungushia uzi ndani ili isiteleze. Kichujio ninacho pia, na hakifai hata kuchujia maji.

Asubuhi Bonifasi aliniambia, "Mama, tukitupe ziwani. Tuseme panya walikula." Mutoto mwenye akili, lakini hapo alirithi akili ya uvivu, na si kwangu. Nikamuambia hapana. Veronika akiosha pete hii leo na kunirudishia, atakuwa ananipa jina lako. Sitaki kulipokea nikiwa nimeficha kitu nyuma ya mulango. Labda atakasirika, achukue pete aende nayo.

Nakuahidi mambo mawili. Nitasema mimi mwenyewe, mbele ya yeye kuuliza. Na nikibaki na jina lako, nitamuomba anifundishe kusuka, nishone pale palipopasuka, na kasiksi ya kwanza itakayopita humo nitamwaga kidogo juu ya kaburi lako, halafu nyingine nitakunywa mimi, kwa sababu nimeteseka.

Lala vizuri, bwana wangu. Kama huko mutu anaweza kumunong'oneza dada yake kitu masikioni, fanya hivyo sasa hivi.

Nasikia viatu juu ya mawe. Ni yeye, anakohoa vile vile. Anaita, "Hodi, Mama Bonifasi."

Naenda kufungua. Mukono wa kushoto una pete. Wa kuume umeshika kichujio.

Muke wako